Kutoka Samli ya Bibi hadi Kijiko cha Duka: Je, Twakijua Tunachokipaka Mkateni?

Kabla jua halijachomoza, Kware imekwisha kuamka. Mtaa huu wa Eastlands, uliopata jina lake kutokana na machimbo ya mawe, umepakana na Pipeline na Mukuru kwa Njenga, na wengi wa wakazi wake hushika njia kwa miguu kwenda kutafuta riziki katika Eneo la Viwanda. Katika kila kichochoro pana duka lenye dirisha la nyavu za chuma, na mbele ya dirisha hilo pana mtoto aliyetumwa. Husimama kwa ncha za vidole, akainua sarafu yake na kusema: "Nusu mkate, na Blue Band ya kumi."

Mwenye duka hufunua mkebe mkubwa, huchota kwa kijiko, hupaka juu ya kipande cha karatasi, hukikunja na kumpa mtoto. Shughuli yote haichukui dakika moja. Sisi tulioletwa Nairobi na kazi, ndoa au masomo kutoka Lamu, Malindi, Mombasa na Kwale twaijua vyema, kwani nasi watoto wetu twawatuma dirishani hapo hapo.

Lakini hebu tuitazame ile karatasi iliyokunjwa. Haina jina la kiwanda, wala orodha ya viungo, wala tarehe ya kuharibika, wala alama ya halali. Bibi wa mtoto yule alimjua aliyeisukasuka samli yake. Mama yake, alipokuwa msichana, alikuwa na mkebe ambao angeweza kuusoma. Yeye ana karatasi tupu. Katika vizazi vitatu tumebadili kile tunachokipaka mkateni, na hilo si ajabu, kwani dunia haikai pahali pamoja. Linalotusikitisha ni kwamba kila tulipobadili, tulipunguza kukijua.

Zama za samli

Katika nyumba za Pwani, mafuta ya heshima yalikuwa mawili: tui na mafuta ya nazi kwa mapishi ya kila siku, na samli kwa siku zenye uzito. Pilau ya harusi, halwa ya kupokea wageni, visheti vya Idi, chapati ya mgeni aliyetoka safari. Vyote hivyo vilidai samli. Hata jina lenyewe latokana na neno la Kiarabu, samn. Majahazi yaliyoshuka na upepo wa kaskazi kutoka pwani ya Wasomali yalibeba samli miongoni mwa shehena zao, na wafugaji wa bara waliishusha sokoni kutoka kwenye mifugo yao wenyewe.

Hekima ya samli ilikuwa katika utengenezaji wake. Maziwa yaliachwa yagande, yakasukwasukwa ndani ya kibuyu mpaka siagi ikajitenga, kisha siagi hiyo ikapikwa kwa moto wa taratibu hata maji yote yakakauka na mabaki ya maziwa yakatua chini. Kilichobaki kilikuwa mafuta matupu, na kwa kuwa hayakuwa na maji, yalikaa kwa miezi bila kuoza, katika nyumba zisizokuwa na friji na chini ya joto la Pwani. Mama wa zamani hakuwa na maabara, lakini aliujua ubora kwa harufu, kwa rangi na kwa chembechembe zilizoonekana samli ilipoganda. Zaidi ya hayo, alimjua muuzaji, na muuzaji alijua kwamba anajulikana.

Hatusemi kwamba zama zile hazikuwa na udanganyifu. Wapo waliochanganya. Waislamu twaikumbuka hadithi ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono wake katika rundo la nafaka na kukuta unyevu uliofichwa chini ya nafaka kavu, akamkemea aliyeificha. Udanganyifu wa chakula ni wa kale kama soko lenyewe. Tofauti ni kwamba mnunuzi wa wakati ule aliweza kuutia mkono wake mpaka chini ya rundo.

Siagi ya walowezi na mkebe wa kiwandani

Siagi ya kupaka mkateni ilikuja na mkate wenyewe, na mkate wa slesi ulikuja na utawala wa Waingereza. Mwaka 1925 wakulima walowezi wa Kenya walianzisha chama cha ushirika cha maziwa, Kenya Co-operative Creameries, ambacho sote twakijua kwa jina la KCC. Siagi yake ilikuwa nzuri, lakini ilitaka friji, na ilitaka mfuko mzito. Kwa nyumba nyingi za Waafrika, hasa za vyumba vya kupanga mijini, ilibaki kuwa kitu cha kuonwa katika nyumba za wengine.

Pengo hilo likazibwa na majarini. Chimbuko lake li mbali sana na Kware. Katika Ufaransa ya karne ya 19, Mfalme Napoleon wa Tatu alitaka patikane mbadala wa siagi ulio rahisi kwa bei, kwa ajili ya jeshi na watu wa kipato cha chini. Mwaka 1869 mkemia aitwaye Hippolyte Mège-Mouriès akautengeneza kwa mafuta ya ng'ombe na maziwa. Jina alilolipa lilitokana na neno la Kigiriki lenye maana ya lulu, kwa sababu ya mng'ao wake. Muda si mrefu wafanyabiashara wa Uholanzi waliichukua biashara hiyo wakaikuza, na kampuni zao zikaja kuungana na kampuni ya sabuni ya Lever ya Uingereza. Hapo ndipo ilipozaliwa Unilever.

Kwa miongo mingi majarini iitwayo Blue Band imetengenezwa hapa hapa Nairobi, katika Eneo la Viwanda, mwendo wa miguu tu kutoka mitaa ya Mukuru. Iliingia katika maisha yetu kiasi kwamba jina la chapa limekuwa jina la kitu. Leo mtoto husema "Blue Band" hata mkebe uliofunguliwa ukiwa wa kiwanda kingine. Sababu za ushindi wake si za kushangaza: haihitaji friji, hupakika hata asubuhi ya baridi ya Julai, bei yake iko chini ya siagi, na huongezwa vitamini A. Akina mama waliitia katika uji wa mtoto na katika viazi vilivyopondwa. Nasi wapishi wa Idi tuliifanya kuwa msingi wa keki na biskuti, tukaiachia samli pilau na halwa.

Hivyo basi, kizazi cha pili hakikupoteza kila kitu. Kilibadilisha sura ya mtu kwa maandishi ya mkebe. Kilichotakiwa ni kusoma.

Yaliyokuwa yamefichika ndani ya mafuta magumu

Hapa pana jambo ambalo mama zetu hawakuambiwa, kwa sababu wakati huo hata mabingwa hawakulijua. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilivumbuliwa njia ya kuyafanya mafuta majimaji ya mimea yawe magumu kwa kuyapitishia gesi ya hidrojeni. Njia hiyo ilikuwa neema kwa viwanda, kwani mafuta ya mimea yaliyo rahisi yaliweza sasa kusimama kama siagi au samli. Mafuta meupe ya kupikia yaliyouzwa kwa mikebe, pamoja na majarini za zamani, yalienea duniani kwa njia hiyo.

Lakini hidrojeni isipokamilisha kazi yake, huzaa aina ya mafuta ambayo wataalamu huyaita mafuta ya transi. Mwaka 1990 watafiti wawili wa Uholanzi, Ronald Mensink na Martijn Katan, walionyesha kwamba mafuta hayo huongeza kolesteroli mbaya katika damu na papo hapo hupunguza iliyo njema. Tafiti zilizofuata ziliyahusisha na maradhi ya moyo. Mwaka 2003 Denmark ikawa nchi ya kwanza kuyawekea mpaka kwa sheria, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliyataka mataifa yote kuyaondoa katika vyakula vya viwandani, likikadiria kwamba yanasababisha vifo zaidi ya 500,000 kila mwaka.

Ni haki tuseme upande wa pili pia. Watengenezaji wengi wa majarini wamekwisha kubadili njia zao, na majarini nyingi za leo hupata ugumu wake kutokana na mafuta ya mawese, si kwa hidrojeni. Wala si sahihi kudhani kwamba cha asili hakina kipimo. Takriban nusu ya siagi ni mafuta yaliyojaa, ambayo Shirika la Afya Duniani lashauri yasizidi asilimia 10 ya nishati tuipatayo kwa siku. Samli ina zaidi ya siagi, na mafuta ya nazi yana zaidi ya samli. Bibi aliyekula samli siku ya harusi na siku ya Idi, na siku nyingine akatwanga, akachota maji na kutembea, hakuwa na hali moja na mjukuu aketiye kwenye cherehani ya kiwanda kutwa nzima, kisha akala chapati mbili za mafuta kila jioni.

Swali la halali

Kwa familia ya Kiislamu, afya ni nusu ya swali. Tumeamrishwa kula kilicho halali na kilicho kizuri kwa pamoja, wala hatukuruhusiwa kuchagua kimoja tukakiacha kingine.

Wengi hudhani kwamba majarini, kwa kuwa ni ya mimea, haina haja ya kuulizwa. Kwa sehemu kubwa dhana hiyo yaelekea kwenye ukweli, lakini haikamiliki. Ili mafuta na maji yasiachane ndani ya mkebe, viwanda hutia kiungo cha kuviunganisha, na kiungo kinachotumika sana huandikwa E471. Kiungo hicho huweza kutolewa katika mafuta ya mimea, na huweza pia kutolewa katika mafuta ya wanyama. Namba peke yake haikuambii ni kipi. Vilevile baadhi ya vipakaji vyenye mafuta kidogo hutiwa jelatini, ambayo asili yake ni ngozi na mifupa ya wanyama. Ndiyo maana tunayo taasisi kama Kenya Bureau of Halal Certification, ambayo kazi yake ni kukagua viwanda na kuthibitisha bidhaa zao. Alama ya halali kwenye mkebe ni ushahidi wa mtu aliyeingia kiwandani na kuuliza kwa niaba yako.

Sasa turudi kwenye karatasi ya Kware. Alama hiyo imebaki dukani, juu ya mkebe. Mtoto amekwenda nyumbani na majarini bila ushahidi wake.

Hesabu ya kijiko

Tusimlaumu mama anayenunua kwa kijiko. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku. Uchumi wa kupimiwa ndio unaoilisha Kware: mafuta ya kupikia hupimwa, sukari hupimwa, majani ya chai hupimwa. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mnamo Agosti 28, 2017, wenye maduka wengi walirudi kwenye karatasi, lakini kupimiwa hakukukoma. Na mwaka 2022 bei za mafuta zilipopanda kwa kishindo, kutokana na vita vya Ukraine na Indonesia kuzuia mawese yake kutoka nje ya nchi kwa wiki kadhaa kati ya Aprili na Mei, hata waliokuwa wakinunua mkebe mzima walijikuta wamerudi dirishani.

Hata hivyo, hesabu ni hesabu. Hebu tutoe mfano wa kufikirika, kila mmoja aubadilishe kwa bei za mtaani kwake. Tuseme mkebe wa gramu 500 wauzwa shilingi 300. Mwenye duka akiugawa kwa vijiko vya gramu 10, kila kijiko shilingi 10, atapata vijiko 50, yaani shilingi 500. Nyumba inayonunua kijiko kimoja kila siku itatoa shilingi 3,650 kwa mwaka. Majarini hiyo hiyo, ikinunuliwa kwa mkebe, ingegharimu shilingi 2,190. Tofauti ni shilingi 1,460, na hiyo ni ya majarini peke yake. Ukiongeza mafuta, sukari na sabuni, utaona kwamba mwenye kidogo ndiye anayelipa zaidi.

Mwenye duka naye ana lake. Hukopesha, hufungua mapema na kufunga usiku, na hubeba hasara ya kinachoharibika. Faida ya haki si dhambi. Lakini kijiko kinapopungua siku baada ya siku huku bei ikibaki pale pale, au mkebe wa chapa ya bei nafuu unapouzwa kwa jina la chapa ya bei ghali, hapo tumeingia katika jambo ambalo Sura nzima ya Qur'ani, Al-Mutaffifin, imepewa jina la watendao.

Pana na hasara isiyoonekana. Vitamini A, ambayo ndiyo sababu ya mama wengi kuwapa watoto majarini, haipendi mwanga wala hewa. Mkebe ulioachwa wazi juu ya kaunta, unaochotwa mara mia na kijiko kile kile, hupoteza sehemu ya kile ulichonunuliwa kwa ajili yake, na huweza kukusanya vumbi na vijidudu vya mtaa.

Siagi ya karanga na wageni wengine wa meza

Katika miaka ya karibuni familia nyingi zimeanza kupaka siagi ya karanga, na kwa hakika ni chaguo zuri, kwani ina protini na sehemu kubwa ya mafuta yake si yale yaliyojaa. Lakini karanga ina adui wake, nayo ni sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu wa karanga zilizohifadhiwa vibaya. Mnamo Januari 2020 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, lilisimamisha uuzaji wa chapa kadhaa za siagi ya karanga baada ya kukuta sumukuvu iliyozidi kipimo. Somo hapa si kuikimbia karanga. Hata chakula chema chahitaji macho, na anayesaga nyumbani au kununua kwa jirani anayesaga sharti azichambue karanga, aziondoe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, na asizianike mahali penye unyevu. Sumu hii haiondoki kwa kukaanga.

Parachichi nalo, ambalo vibandani twaliita ovakado, ni kipakaji kisichohitaji kiwanda. Msimu wake ukifika bei hushuka, na mtoto aliyezoea mkate wa majarini huweza kuzoea mkate wa ovakado yenye chumvi kidogo na ndimu.

Tufanyeje?

Hatuwaombi wasomaji wetu wairudie samli ya kila siku. Wengi wetu hatuna ng'ombe wala uwezo huo. Tunachoomba ni tukirudishe kile kilichopotea njiani, nacho ni kujua.

Kwanza, tuungane. Akina mama watano wa ploti moja, kila mmoja akitoa shilingi 60 za mfano wetu, watanunua mkebe uliofungwa na kila mmoja atapata gramu 100, yaani vijiko kumi ambavyo dirishani angevilipia shilingi 100. Kila mmoja aje na kikopo chake safi chenye kifuniko. Vyama vya kuweka na kukopa twavijua tangu zamani. Tuvifanye viingie jikoni.

Pili, mkebe ukifunguliwa, asomaye awasomee wengine. Viungo huorodheshwa kuanzia kilicho kingi. Tutafute neno "hydrogenated", na tukilikuta tutafute chapa nyingine. Tutazame alama ya halali, alama ya ubora ya KEBS na tarehe. Binti wa darasa la sita aweza kuifanya kazi hii, na kuifanya kutamfundisha kuuliza katika maisha yake yote.

Tatu, anayelazimika kununua kwa kijiko, na anunue bila haya, lakini aombe kuuona mkebe. Mwenye duka mwaminifu hatakasirika. Apeleke kikopo chake badala ya karatasi.

Nne, tupunguze. Kipakaji, kiwe siagi au majarini, ni cha kulainisha mkate. Safu nyembamba yatosha. Na samli halisi, tukiipata kwa mtu tunayemjua, tuiweke katika cheo chake cha zamani, yaani siku za furaha.

Mwisho, tuwaketishe wazee wetu tuwaulize. Bado wapo mabibi wanaojua samli inapoiva hunukiaje, povu lake hutulia vipi, na ni wakati gani wa kuiepua. Elimu hiyo haimo ndani ya mkebe wowote, nao wakiondoka bila kuulizwa wataondoka nayo.

Kesho alfajiri mtoto wa Kware atasimama tena dirishani. Huenda bado atakuwa na sarafu moja tu mkononi, lakini tungependa awe na kikopo chenye kifuniko, na awe na swali kinywani: "Mjomba, nionyeshe mkebe." Mwenyezi Mungu aturuzuku kilicho halali na kilicho kizuri, na atujaalie macho ya kukitambua. Amin.